Kinga yangu ndo inakula ini langu, sasa niipandishe au niishushe?

Kaka mmoja wa hapa Dodoma, maeneo ya Nkuhungu, kaniandikia ujumbe mrefu, nimeufupisha ila hoja ni zake:

"Shikamoo dokta. Mimi mwanaume miaka 41, nasafirisha mahindi na karanga kutoka Kibaigwa na vijiji vya Kongwa. Mwezi uliopita nilienda kuchangia damu kwa ajili ya ndugu yetu nikaambiwa damu haifai, nina homa ya ini B. Nikapima zaidi, ALT 64, AST 58, chembe sahani 195, ultrasaundi inasema ini limeanza kuwa la chenga chenga, dalili za makovu. Daktari akaniambia virusi vyenyewe havili ini, kinga yangu ndo inalila. Nikashangaa. Shemeji yangu anauza dawa ya kuongeza kinga, kopo 120,000, anasema nitumie makopo matatu. Kama kinga ndo inaharibu si nitakuwa naongeza moto? Na je niishushe? Halafu hayo makovu yanatoka au ndo basi? Nilikulia Ukerewe, nimeogelea sana ziwani. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na hajapima, na naogopa atauliza nimeyatoa wapi."

Marahaba kaka, japo kwa huo umri wako hiyo shikamoo nimeipokea kwa aibu kidogo, tumepishana miaka michache tu.

Naanza na jibu lenyewe halafu maelezo yafuate, maana najua kazi yako, ukifika mstari wa kumi simu inaita mzigo umefika. Usiipandishe na usiishushe. Kinga sio redio. Unachotakiwa ni kuiondolea kile kinachoipigisha vita kila siku, na ikikosa cha kupigana nacho, kinga hiyo hiyo ndo itakayoshika ufagio kupunguza makovu. Sasa twende taratibu.

Daktari wako alikwambia kweli. Virusi vya B vikiingia kwenye seli ya ini havivunji nyumba. Vinapanga chumba, vinatumia jiko la mwenye nyumba kujizalisha, vinatoka kimya kimya, na seli inaendelea na kazi zake kama kawaida, inatengeneza nyongo, inachuja sumu, hata haijui. Kila seli ya mwili ina tabia ya kubandika nje vipande vya protini zilizomo ndani yake, kama muuza duka anavyoweka sampuli ya mchele kibarazani, na kuna seli nyeupe za damu, zinaitwa seli T, kazi yake ni kupita mlango kwa mlango zinakagua sampuli. Zikikuta kipande cha kirusi haziingii kumtoa kirusi peke yake, zinaua seli nzima. Zile ALT na AST kwenye karatasi yako ni vimeng'enya vilivyotakiwa kukaa ndani ya seli, vikionekana vingi kwenye damu maana yake kuna seli zinapasuka. Na wanaozipasua kwa sehemu kubwa ni askari wako mwenyewe.

Sasa mtu mzima akiambukizwa ukubwani, kinga hufanya hiyo kazi kwa mkupuo, wengine wanaumwa na macho yanakuwa manjano, wiki kadhaa zimeisha na virusi vimedhibitiwa, wanaobaki navyo ni chini ya watu 5 kwa kila 100. Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume kabisa, karibu 90 kwa 100 wanabaki navyo, sababu kinga ya mtoto bado inajifunza nani wa humu ndani nani mgeni, inavikuta virusi vimeshakaa sebuleni, inavihesabu ndugu. Kwa hiyo kaka, hilo swali la mwisho uliloliandika kwa kunong'ona, mke ataniuliza nimeyatoa wapi: mtu wa miaka 41 mwenye virusi vya muda mrefu namna hii, uwezekano mkubwa kabisa alivipata utotoni, kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzake, kwenye vidonda vya miguuni na viwembe vya kushea. Wakati huo chanjo hapa kwetu haikuwepo, iliingizwa kwa watoto mwaka 2002. Mweleze hivyo hivyo.

Miaka ya mwanzo hapo kinga imelala, virusi tele, ini zima, ALT ya kawaida, mtu anacheza mpira. Baadaye ukubwani, wengi kati ya miaka 20 na 40 na kitu, kinga inashtuka. Tatizo ni kwamba inashtuka ikiwa imechoka tayari, seli T zilizoangalia adui yule yule kwa miaka thelathini zinapoteza makali, wataalamu wanasema zimechoka na ndo neno lenyewe wanalotumia. Haina nguvu ya kumaliza kazi ila ina nguvu ya kusumbua. Inaua seli chache leo, chache kesho, virusi vinahamia seli nyingine, mwaka unapita. Makovu yanazaliwa kwenye hiyo vita isiyoisha, sio kwenye vita kubwa. Ini ukilijeruhi mara moja tu hata vibaya linaota upya safi kabisa bila alama, ni kiungo cha ajabu, ila ukilikwaruza kidogo kidogo kila siku miaka ishirini linaanza kujishona.

Hapo kwenye kujishona ndo utamu wa somo, naomba uvumilie.

Vuta picha nimeweka kipande cha ini chini ya darubini, kimepakwa rangi ile inayofanya seli zionekane nyekundu na kovu lionekane bluu. Ini zima ni shamba jekundu, mistari imepangwa kama matuta, katikati ya matuta kuna mifereji midogo ya damu, na bluu unaiona kidogo tu pembeni ya mishipa mikubwa. Ini lililoanza makovu, ile bluu inatoka pale kwenye mishipa kama nyuzi za buibui, inatambaa kati ya seli. Likiendelea nyuzi zinakutana, mshipa huu umefungwa na mshipa ule, na mwisho kabisa unaona visiwa vya duara vyekundu vimezungushiwa ukuta wa bluu kila upande. Hapo ndo tunasema ini limesinyaa. Na zile chenga chenga alizoandika mtu wa ultrasaundi ni hiyo hali anaiona kwa mbali, kama wewe unavyotazama gunia ukajua humu kuna unga laini au kuna makande.

Nani anasuka hizo nyuzi? Humo kwenye mifereji ya damu wanaishi walinzi wa kudumu wanaitwa seli za Kupffer, ni seli walaji, zinameza bakteria, takataka, na seli zilizokufa. Ni nyingi mno, sehemu kubwa kabisa ya seli walaji wa kudumu wa mwili mzima wako kwenye ini, na sababu inaeleweka, robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini inatoka moja kwa moja tumboni na kwenye utumbo, yaani kila ulichokula kinapita getini hapo kabla hakijafika kwingine. Nyuma kidogo ya mfereji, kwenye upenyo mwembamba kati ya mfereji na seli za ini, kuna seli nyingine pole kabisa zenye umbo la nyota, kazi yake siku za amani ni kutunza vitamini A. Sehemu kubwa ya vitamini A uliyonayo mwilini imehifadhiwa kwao, kwenye vitone vya mafuta. (Huyo Kupffer, Mjerumani, ndiye aliyeziona hizi za nyota mwaka 1876, baadaye akachanganya akadhani ni zile zile walaji, dunia ikachanganyikiwa naye mpaka mwaka 1971 Mjapani mmoja, Wake, alipozitenganisha vizuri. Jina la Kupffer likabaki kwa seli ambazo sio alizoziona mwanzo. Mambo ya wasomi hayo.)

Sasa seli ya ini ikipasuliwa, vilivyomwagika vinamshtua mlinzi. Anameza uchafu halafu anapiga kelele za kikemikali, anaita seli walaji wengine kutoka kwenye uboho waje, wanakuja wengi, wakali, na kati ya ujumbe wanaoumwaga kuna mmoja unaitwa TGF-beta. Huo ukimfikia yule wa nyota, basi, anamwaga vitamini A yake yote, anabadilika umbo, anapata misuli ya kukaza kabisa, anaanza kuzaliana na kusuka kolajeni, ile ile protini ya kano na ya ngozi. Mtunza ghala kageuka msuka kamba.

Mwanzoni ni kazi nzuri. Anaweka kiraka ili ini lisiporomoke wakati seli mpya zinaota. Ila kama kesho kuna seli nyingine imepasuliwa, na keshokutwa nyingine, hapewi nafasi ya kuacha, kiraka juu ya kiraka. Kamba zinaziba upenyo ule, mifereji inapoteza matundu yake madogo, damu ya kutoka utumbo inakosa njia, presha inapanda upande wa nyuma, bandama inavimba na kuanza kuzuia chembe sahani, zile chembe za kugandisha damu. Ndio maana daktari mzoefu akiona chembe sahani zinashuka mwaka hadi mwaka kwa mtu wa homa ya ini anakunja uso hata kama mtu mwenyewe anasema niko poa. Zako 195 bado ziko vizuri, nashukuru Mungu kwa hilo.

Umetaja Ukerewe, na hilo nalikamata kwa mikono miwili, maana kuna ugonjwa mwingine wa makovu ya ini unaoonyesha vizuri zaidi kwamba kovu ni kazi ya kinga. Kichocho cha tumbo. Mnyoo wake jike anakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, anataga mayai mpaka 300 kwa siku, yaliyotakiwa kutoka na choo yanatoka, mengine yanasombwa na damu mpaka kwenye ini yanakwama. Yai moja lina uhai wiki kama tatu hivi na linatoa sumu. Kinga inafanyaje? Inalizunguka, seli nyeupe kwa tabaka, halafu kolajeni kwa nje, inatengeneza kama kidonge kigumu kulifungia yai ndani. Wanasayansi walipochukua panya wasio na seli T, wasioweza kutengeneza hicho kidonge vizuri, wakawaambukiza kichocho, wale panya waliumia ini vibaya zaidi kwa sumu ya mayai na wakafa mapema. Unaona? Kidonge kinaokoa seli za ini leo, na vidonge maelfu kwa miaka kumi vinakuwa kuta nene zinazozunguka mishipa. Mwaka 1904 daktari mmoja aliyekuwa Misri, Symmers, aliyafananisha na mashina ya kiko cha udongo. Mtu wa namna hii seli zake za ini zinaweza kuwa nzima kabisa, ALT ya kawaida, ila presha ya mishipa inampeleka kutapika damu ghafla.

Kwa hiyo ukirudi kliniki waambie wazi nilikulia ziwani, wamuombe mtu wa ultrasaundi aangalie makovu yamekaa wapi, yamezunguka mishipa au yametapakaa. Unaweza kuwa na vyote viwili. Dawa ya kichocho unaijua, praziquantel, vile vidonge vikubwa vichungu vya shuleni, ni rahisi, na minyoo yenyewe huenda imeshakufa zamani ila alama zake zinaweza kuwepo.

Haya, yanatoka au hayatoki?

Zamani tulifundishwa kovu la ini halirudi nyuma, na mimi mwenyewe miaka hiyo nimewaambia wagonjwa hivyo kwa sauti ya uhakika kabisa, na kuna mzee mmoja nilimwambia "wewe ni mbebaji tu, kapumzike" bila kumpangia vipimo vya kurudia, akarudi baada ya miaka sita tumbo limejaa maji. Lile sijalisahau, na kosa lilikuwa langu. Leo tunajua zaidi. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wa homa ya ini B waliokunywa tenofovir miaka mitano, wakakatwa kipande cha ini mwanzoni na mwishoni. Kati yao 96 walianza wakiwa na ini lililosinyaa kabisa, hatua ya mwisho ya makovu. Baada ya miaka mitano, 71 kati ya hao hawakuwa tena kwenye hatua hiyo. Sabini na moja kaka. Na ile dawa haigusi kovu hata kidogo, inazuia tu virusi kujizalisha.

Aliyefagia ni nani basi? Kinga. Kuna jaribio la panya la mwaka 2005 nalipenda sana kulisimulia. Walichukua panya wenye ini linaloumizwa, wakaondoa zile seli walaji wakati ini bado linaumizwa, makovu yakawa machache. Ukiishia hapo utasema haya, seli walaji ndo wabaya. Wakachukua panya wengine wakaacha ini liumie, wakasimamisha kuumiza, ndo wakaondoa seli walaji kipindi cha kupona. Safari hii makovu yakagoma kutoka. Seli zile zile! Vita ikiwepo zinaamuru kamba zisukwe, vita ikiisha zinabadili tabia, zinatoa vimeng'enya vya kukata kolajeni, zinameza vipande. Na kuna askari wengine, seli NK, wao wanawaua wale wasuka kamba moja kwa moja, na ulevi ni moja ya vitu vinavyowalegeza hao NK, hiyo uiweke kichwani, hukuniambia unakunywa ila pia hukuniambia hunywi.

Wewe ni mtu wa barabarani, Kondoa lazima umefika. Umeyaona yale makorongo ya ardhi nyekundu? Miaka ya 1970 hali ilikuwa mbaya kuliko hiyo unayoiona, ng'ombe na mbuzi wamemaliza majani, mvua inabeba udongo. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, wakapanda miti, wakachimba makingamaji, ikasaidia kidogo. Mwaka 1979 wakachukua uamuzi mgumu wa kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi, wazee waliumia kweli, ila nyasi zikarudi zenyewe, vichaka vikarudi. Ardhi ilikuwa inajua kujiponya, ilikuwa haipewi nafasi. Korongo lenye kina kirefu halikujifukia, lile limebaki mpaka leo, na kwenye ini ni hivyo hivyo, kovu changa linayeyuka vizuri, lile la miaka mingi ambalo kamba zimeshafungana fundo kwa fundo linakuwa gumu kukatwa. Ndio maana sikwambii subiri.

Sasa kopo la shemeji. Sijui kilichomo na nina mashaka hata yeye hajui. Tuseme kweli linaamsha kinga, utakuwa unaamsha askari waliochoka wakapasue seli zaidi bila kumaliza virusi, na virusi vya B vina nakala yao imejificha ndani kabisa ya kiini cha seli, hata tenofovir haifiki hapo, sembuse unga wa kopo. Tuseme haliamshi chochote, umepoteza 360,000. Lakini ninachokihofia zaidi ni cha tatu, baadhi ya makopo ya namna hiyo yanaweza kuwa na vitamini A kwa wingi na majani makali, na vitamini A ikizidi kipimo kwa muda mrefu inawachokoza wale wale wa nyota wasuke kamba. Unalipa pesa kununua kovu.

Na kuishusha? Swali lako lina akili, maana kuna ugonjwa ambao tunaishusha kweli, pale kinga inaposhambulia ini bila kirusi chochote, hapo tunatoa prednisolone na azathioprine na makovu yanapungua. Kwako ni hatari. Kinga ikishushwa virusi vinajizalisha bila breki, halafu siku dawa ikiachwa kinga inaamka ikute kila seli ina sampuli ya kirusi mlangoni, inapasua kwa mkupuo, na ini linaweza kufeli ndani ya wiki chache. Nimeshaona mtu kaingia namna hiyo kwa dawa za kunenepa za kununua dirishani, ndani ni deksa tupu, yaani deksamethasoni, dawa ya kushusha kinga. Kwa hiyo ukipewa dawa yoyote ya pumu, ya viungo, ya saratani, sema kwanza nina homa ya ini B.

Kwa namba ulizonitumia kuna hesabu moja unaweza kuifanya hata kwenye kikokotoo cha simu. Chukua AST yako 58 gawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, tuseme 40, unapata 1.45, zidisha 100, gawa kwa chembe sahani 195. Inakuja 0.74. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema mtu mzima mwenye homa ya ini B akizidi 0.5 kwenye hesabu hiyo ana makovu ya kutosha kuanza dawa, na ikizidi 1 tunaanza kufikiria ini limesinyaa. Wewe uko katikati. Sio msiba ila sio pa kusubiri mwakani pia. Rudi kwa daktari wako wiki hii umuulize kuhusu tenofovir, na kabla ya kuanza lazima upime VVU na figo, VVU kwa sababu ukiwa navyo tenofovir peke yake haitoshi na itakuletea usugu, unapewa mchanganyiko kamili ambao tayari una tenofovir ndani. Wapo wanaokataa eti hiyo dawa ni ya CTC, kliniki ya VVU, watu watanionaje. Kidonge ni kimoja kwa siku, wanaokuangalia wataangalia wakichoka wataacha. Ukishaanza usiache mwenyewe hata ukijisikia mzima, ukikata ghafla virusi vinarudi na kinga inarudi navyo.

Kuna jambo la kazi yako nisipolisema nitakuwa sijakutendea haki. Karanga na mahindi. Mwaka 2016 hapa hapa Dodoma na Manyara watu 68 waliugua ini ghafla, tumbo kujaa, macho manjano, na 20 wakafariki, na chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi. Ile sumu ya ukungu ikiwa kidogo kidogo haiui ghafla, inaharibu vinasaba vya seli za ini, na kwa mtu mwenye homa ya ini B na makovu, ambaye seli zake zinagawanyika kila siku kuziba mapengo, hayo madhara yanageuka saratani kwa urahisi mara nyingi zaidi kuliko kwa mtu mwingine. Najua tabia ya wafanyabiashara wa karanga, unazama mkono kwenye kiroba unatafuna unaonja mzigo, zile zilizosinyaa, zenye rangi, zenye uchungu kidogo, unameza tu usionekane mchaguzi. Acha. Tema. Na kukaanga hakuiondoi, moto wa jikoni hauitoshi. Wasisitize wakulima wako wakaushe juu ya turubai sio chini kwenye udongo, na zile mbovu zilizochambuliwa zisirudi sokoni kama za kusaga siagi, maana najua huwa zinaenda wapi.

Pombe acha kabisa, hata ule mvinyo wetu wa zabibu. Pombe inalegeza ukuta wa utumbo, sumu za bakteria zinapenya zinaenda na ile damu ya robo tatu moja kwa moja kwa wale walinzi getini, wanapiga kelele, unajua kinachofuata. Kahawa kunywa tu, watu waliofuatiliwa miaka mingi wanywaji wa kahawa wameonekana na makovu machache. Ultrasaundi ya ini kila miezi sita, daktari atakupangia.

Mama kijacho apime kesho, sio baada ya kujifungua. Akiwa hana, atachanjwa, chanjo ni salama kwa mjamzito. Akiwa navyo na virusi ni vingi, kuna dawa anapewa miezi ya mwisho ya mimba, tenofovir hiyo hiyo, na mtoto anatakiwa apate chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa hiyo uliza mapema hospitali mtakayojifungulia kama ipo au itafutwe, usije ukaanza kuuliza mtoto yuko mkononi. Watoto wengine wa nyumbani wapimwe pia, hata kama kadi inaonyesha walichanjwa za wiki ya 6, 10 na 14. Chakula mle sahani moja, vikombe tumieni vile vile, haipiti huko. Wembe na mswaki ndo kila mtu na wake.

Na siku ukirudi kliniki beba karatasi zote, hata ile ya benki ya damu na ile picha ya ultrasaundi iliyofifia, usiache nyumbani ukasema watapima upya. Mtu wa mwakani atahitaji kuona hizo chenga chenga za leo zilikuwaje.